Gari Nyekundu ya Parrain

Ghislaine alikuwa mwoga wa magari, na mtaa mzima wa Cimpunda ulilijua hilo. Usimcheke. Mume wake Gérard alikuwa dereva wa lori kati ya Bukavu na Kamanyola, na miaka tisa iliyopita, kule kwenye mlima wa Ngomo ambako barabara imebanwa kati ya mwamba na korongo, breki zilimkatalia. Madereva waliokuwa nyuma yake walisema alipita kona tatu akiwa bado anapambana na usukani. Ya nne hakuipita. Tangu hapo, Ghislaine akiwa ndani ya gari inayoteremka, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe, hata akiwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, na viganja vinamlowa jasho.

Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini na gari ya wazi ya viti viwili? Subiri nikueleze.

Kazi yake ni harusi. Anakodisha nguo za maharusi, viti, vitambaa, maua ya plastiki ambayo ukiyaona kwenye picha utaapa ni ya kweli. Zamani alikuwa anawatafutia wateja wake jeep nyeupe, tano au sita kwa mstari. Lakini tangu vita iingie mjini, nani atatoa jeep yake barabarani kwa sababu ya harusi? Wenye bunduki wakiiona wanaiomba, na unajua kuomba kwao kukoje. Wengine walizificha jeep zao nyuma ya kuta, wengine walizivusha ng'ambo ya mpaka usiku uleule wa kwanza, na maharusi wakaanza kwenda kanisani kwa taksi yenye kioo kilichopasuka.

Ni binti yake Noëlla aliyeleta wazo. Alikuwa amechumbiwa, harusi yake mwezi wa nane, na jioni moja alimwonyesha mama yake picha kwenye simu: gari ya michezo ya miaka ya sitini, fupi, pua ndefu, taa za duara, haina paa. Huko kwingine, alisema, kuna mafundi wanaziunda upya kwa mikono, wanachukua gari ya kawaida, wanaivua bati lote na kuivisha umbo la ile ya zamani.

"Maman, hii hakuna mutu ataibeba," alisema Noëlla. "Basoda batakaa wapi?"

Ghislaine alicheka hadi akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kucheka kwa sababu ya gari. Na wazo lilikuwa zuri, tusidanganyane: gari isiyobeba askari, isiyobeba magunia, isiyobeba kitu chochote isipokuwa bibi harusi na dereva wake. Tena kwa Bukavu walikuwapo mafundi wawili ambao kila mmoja alishaunda moja ya namna hiyo. Gari ya Ghislaine ingeanza kazi na harusi ya Noëlla, kisha ingekodishwa kwa wengine. Kilichobaki ni kuchagua fundi.

Wa kwanza alikuwa Benoît, mwenye garaji kule Nguba, karibu na ziwa. Benoît hakuwa mtu wa kutafutwa, alikuwa wa nyumbani. Alikuwa rafiki wa marehemu Gérard tangu shule, alibeba jeneza lake, na sasa yeye na mke wake Aimée walikuwa wamekubali kuwa parrain na marraine wa harusi, yaani wale mume na mke wanaosimama na maharusi mbele ya padri, na baadaye wakigombana ndio wanaoitwa usiku kuwapatanisha. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita fundi tu.

Gari aliyoiunda ilikuwa nyekundu, inang'aa hadi Ghislaine akajiona ndani ya mlango, kitambaa cha kichwa na vyote. Viti vya ngozi. Usukani wa mbao. Noëlla alipiga kelele, akaruka, akaanza kujipiga picha.

"Maman Ghislaine, ingia tu, usiogopake," Benoît alisema huku akimfungulia mlango. "Hii motokari naijua kama mutoto wangu."

Walikwenda kando ya ziwa, taratibu, barabara tambarare, upepo wa maji usoni, watoto wakipunga mikono. Mguu wa Ghislaine haukukanyaga kitu. Alishangaa mwenyewe. Alikaa kama mke wa gavana, akaanza hata kuwapungia watoto.

"Na tukipanda nayo kule kwetu Cimpunda?" aliuliza.

"Bado iko mupya, maman. Moteur inapaswa kuzoea kwanza."

Jibu lilimtosha. Mtu akiwa amebeba jeneza la mumeo, majibu yake yanakutosha haraka.

Fundi wa pili alikuwa Kasongo, jirani yao hapohapo Cimpunda, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Uvira, mtu wa maneno machache na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Uani kwake ungedhani ni jalala. Gari yake haikuwa na rangi, ilikuwa ya kijivu na madoadoa, na kiti cha abiria kilikuwa kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Noëlla aliitazama akakunja pua.

"Rangi ni ya mwisho," Kasongo alisema. "Mama Noëlla, tuanzie chini."

Na kweli alianzia chini. Alimwinamisha mama wa watu na liputa yake, kitenge chake cha kiunoni, akamwashia taa chini ya gari, akamwonyesha mabomba mawili membamba. Breki zimegawanywa njia mbili, alieleza, moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ikifa nyingine inakusimamisha. Na ile pampu inayosukuma mafuta ya breki aliinunua mpya, aliisubiri miezi miwili mpakani. "Umbo zuri kila mtu ataliunda," alisema. "Hapa ndipo wengi wanachoka."

Kisha akamwambia apande washuke mlima.

Jamani! Ile njia ya kutoka Cimpunda kwenda chini unaijua, au kama huijui, shukuru. Mteremko wenye mashimo, watu pande zote, wauza ndizi, pikipiki, kuku. Kasongo aliachia gari ikashika mbio, na Ghislaine akaona kona inakuja, na nyuma ya kona akaona Ngomo, akaona lori, akaona kila kitu alichojilazimisha kusahau kwa miaka tisa. "Yesu Maria!" alipiga kelele, mguu wake ukakanyaga bati hadi kisigino kikamuuma. Gari ilisimama palepale, katikati ya mteremko, imara, haikusogea hata kidole. Kasongo akaachia tena, akasimamisha tena. Mara tatu. Mara ya tatu Ghislaine alikuwa analia.

"Shusha mimi," alisema. "Papa Kasongo, nakuomba kwa Mungu wako, shusha mimi hapa."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Basi hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la watu wetu kabisa. Kwa Benoît aliketi kwa amani, kwa Kasongo alilia, naye akachukua amani yake kuwa ndiyo ushahidi. Hakujiuliza barabara gani ilimpa amani na barabara gani ilimliza.

Hata hivyo kitu fulani kilibaki kinamkwaruza, kwa sababu siku familia ilipokutana kuamua, alifungua mdomo akasema, "Mi nafikiri ile ya Kasongo…" Hakumaliza. Mdogo wake Ezéchiel, dereva wa taksi ambaye ndiye angemwendesha Noëlla badala ya baba yake, aliangua kicheko. Dada za marehemu, shangazi za Noëlla, wakamgeukia.

"Utamwambia nini parrain?" aliuliza mmoja wao. "Kwamba umempa kazi mutu ingine, na yeye iko mu nyumba? Mutu mwenye alibeba kaka yetu?"

Huku kwetu parrain ukimnyima kazi umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini, na ukishamwambia hivyo, atasimamaje na mtoto wako mbele ya padri? Ghislaine aliona haya. Akasema, "Basi, Benoît." Kila mtu akapiga makofi, soda zikafunguliwa.

Kasongo hakununa. Walipokutana njiani alimsalimia kama kawaida, akamuuliza hali ya maandalizi. "Hakuna shida, Mama Noëlla," alisema. "Umwombe tu akushushe nayo huu mlima kabla ya kuipokea."

Hakumwomba. Mwezi wa tano alikwenda Nguba, gari yake mwenyewe ilikuwa bado mifupa. Alimkuta Benoît anaimba, akapewa chai, akarudi. Mwezi wa sita bati lilikuwa limekaa. Akasema leo nitauliza habari za breki, akapewa chai, akarudi. Mwezi wa saba ilikuwa nyekundu. Aliizunguka mara mbili, swali liko kwenye ulimi, na Benoît akamwambia, "Gérard angeiona hii, maman!" Macho yakamjaa machozi, akarudi. Usiku alikuwa haamki kwa ndoto, maana alikuwa halali. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anaogopa kusema kwamba anaogopa, kwa sababu kila mtu angesema ah, ni yeye tu, ni mambo yake ya Ngomo.

Jumamosi ya harusi jua lilitoka kali, vumbi la kiangazi limekaa juu ya kila kitu. Akina mama walikuwa wameshona liputa ya aina moja, ya bluu na njano, na nje ya nyumba vigelegele vilikuwa vimeanza tangu asubuhi. Ezéchiel alikuwa amevaa tai yake na kwenda kuifuata gari Nguba. Alipanda nayo mlima kwa njia ndefu, akaigeuza mbele ya nyumba, pua ikitazama chini kwenye mteremko, na mtaa wote ukatoka kuitazama. Benoît na Aimée walifika nyuma yake kwa taksi, yeye na suti ya kijivu, mke na gauni la marraine, kitambaa kikubwa kichwani, wanacheka na kila mtu.

Ghislaine alimsogelea mdogo wake.

"Inaendaje?"

"Yaya, dada yangu, kupanda, usiseme! Inapanda vizuri kabisa." Ezéchiel alikuwa anafuta vumbi kwenye taa kwa leso yake. "Pedali ya frein njo inazama kidogo. Lakini ukipompa mara tatu, ine, inarudi. Hata taxi yangu nafanyaka vile. Nimezoea."

Alilisema kwa furaha, jamani, kama mtu anayesifu chakula. Ghislaine alisimama pale ana tabasamu la mama wa bibi harusi usoni, na masikioni hakimwingii hata kigelegele kimoja. Breki inayoshika baada ya kukanyagwa mara tatu, nne! Kutoka hapo hadi kanisani ni mteremko mtupu, na chini kabisa kuna soko na watu, kisha daraja.

Alimwendea Benoît, akamvuta kando, akashusha sauti.

"Papa Benoît, unisamehe. Ile frein iko muzuri?"

Benoît alimtazama kidogo. Halafu akacheka, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Maman Ghislaine! Siku ya mutoto, unaniuliza mambo ya frein? Mi? Nilibeba Gérard mu mabega yangu, leo nilete mutoto wake kitu kibaya?"

Watu waligeuka. Shangazi mmoja alisonya. Mwingine akasema, si kwa kunong'ona, kwamba huyu mama angefungiwa ndani hadi misa iishe. Ghislaine akainamisha kichwa, akasema pole, akarudi ndani ya nyumba.

Noëlla alikuwa amesimama katikati ya chumba, mweupe kutoka kichwani hadi chini, na mkia wa gauni umejaza sakafu yote. "Maman, nikoje?" aliuliza. Ghislaine aliitazama shingo ya mtoto wake, nyembamba, na ule mkufu wa dhahabu bandia aliouchagua mwenyewe, akawaza jinsi walivyomzuia asimwone Gérard kabla hawajamfunika. Nje honi ililia. Ezéchiel alikuwa anawaita.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Noëlla alitoka, vigelegele vikapanda hadi juu ya mabati, mtu akaanza kupiga ngoma, simu zote zikainuliwa. Aimée alikuwa ameshika mkia wa gauni nyuma yake, kama marraine anavyopaswa. Ezéchiel alikuwa tayari kwenye usukani. Noëlla aliweka mkono juu ya mlango mwekundu.

Ghislaine aliukamata ule mkono.

"Hapana."

"Maman?"

"Hapana. Haingii." Hakuachia. Ngoma ikakatika. "Maman Aimée njo ataingia kwanza. Aende na Ezéchiel hadi kule chini, kwa soko, na barudi. Wakirudi, mutoto wangu ataingia."

Ee! Hapo ungesikia maneno. Kumgeuza marraine kuwa wa kujaribia gari, mbele ya mumewe, siku ya harusi! Shangazi walianza kupiga kelele wote kwa pamoja. Mjomba mmoja alimshika Ghislaine begani, naye akamsukuma. Noëlla alikuwa analia, wanja unachuruzika. Alimwambia mama yake kwamba anamharibia, kwamba wakwe wanangoja kanisani, kwamba hatamsamehe. Ghislaine aliyasikia yote. Kila neno lilimchoma, na hakuachia mkono.

Aliyetuliza ni Aimée mwenyewe. Mwanamke mwenye roho nzuri, huyu, mwenye kucheka hata mahali ambapo wengine wangetukana.

"Muache maman apumzike roho," alisema. "Kwani ni nini? Mi pia nitapanda motokari ya bibi harusi, hata mara moja! Mwenye aliniposa na baiskeli iko wapi, anione?"

Watu wakacheka, kidogo. Akamkabidhi mmoja wa shangazi mkia wa gauni, akakusanya nguo yake mwenyewe, akaingia, akakaa, akajitengeneza kitambaa cha kichwa kwenye kioo. Ezéchiel akawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Akaweka mkono kwenye breki ya mkono.

"Aimée, shuka," alisema Benoît.

Hakulisema kwa nguvu. Aimée aligeuka akimcheka. "Eh, bwana yangu ana wivu na Ezéchiel!"

"Shuka mule, nakuambia." Alikuwa ameshafika kwenye mlango, anavuta kishikio, na suti yake ilikuwa imelowa makwapani. "Ezéchiel, zima. Zima!"

Ezéchiel alizima.

Aimée hakushuka. Alikuwa anamtazama mume wake, na kicheko kilikuwa kinamtoka usoni polepole.

"Benoît," alisema. "Ulikuwa unajua?"

Benoît aliitazama gari, kisha mikono yake.

"Ile pièce ya frein itafika mardi, bado siku tatu," alisema. "Mupaka ilifungwa mapema. Niliweka kampira ka chambre à air, ka ndani ya tairi, ka muda tu. Nilisema leo itavumilia. Ni siku moja, Aimée. Siku moja tu."

Ezéchiel alitoka ndani ya gari taratibu, akasimama mbali nayo, na akashika kichwa kwa mikono miwili. Shangazi aliyekuwa amesonya aliketi kwenye kizingiti cha nyumba. Aimée alifungua mlango mwenyewe, akampita mume wake bila kumgusa, akaenda kuuchukua mkia wa gauni la Noëlla, akauzungusha mara mbili kwenye mkono wake usiguse vumbi.

"Tuende na miguu, mutoto wangu," alisema. "Padri atangoja."

Noëlla alivua viatu. Wakaanza kushuka, marraine nyuma yake, kisha shangazi, kisha mtaa mzima na liputa zao za bluu na njano, hakuna aliyepiga kigelegele. Ghislaine alibaki nyuma. Aliketi chini vumbini karibu na gurudumu la gari nyekundu, na liputa yake mpya, akalia kwa sauti kubwa, na Benoît, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, hakuthubutu kumwambia anyamaze.